Nsimire Alipopeleka Hesabu Luvungi

Kila mwaka mvua ikishakatika na shule zikifungwa, vumbi la Bukavu likaanza kupanda mpaka kwenye majani ya migomba, najua watu wataanza kunigongea mlango. Safari hii alikuja mjukuu wa dada yangu. Amemaliza darasa la tano la sekondari, anaingia la sita, mwaka wa kumalizia. Hata kuketi hakuketi vizuri.

"Koko, mu vakansi hii nisome ao nipumuzike? Papa anasema nisome. Maman anasema nikisoma sana kichwa itaharibika. Wewe unasema je?"

Nikamwambia aende kwanza kuniwekea chai, maana swali kubwa halijibiwi na koo kavu. Na kwa kuwa najua wenzake watakuja kesho na keshokutwa na swali hilohilo, nimeona niandike jibu mara moja, niiokoe miguu yenu na sukari yangu.

Wajukuu wangu, mimi nilifundisha hesabu katika shule moja ya sekondari pale Ibanda, hapahapa Bukavu, miaka yote ya Zaïre. Ofisini niliitwa citoyenne, yaani mwananchi, sokoni niliitwa Madame, na nyuma ya mgongo wangu wanafunzi waliniita Maman Rudilia. Sababu yake ni kwamba kila jibu, hata lililokuwa sawa, nililijibu kwa neno moja: "Rudilia." Walidhani sisikii vizuri. Nilikuwa nasikia. Jina lile nalipenda kuliko diploma yangu, kwa sababu wengi wa walionipa leo ni madaktari na mainjinia, na mmoja ni padri anayehubiri kwa ufupi, jambo ambalo nadai ni matunda ya kazi yangu.

Msidhani tulikuwa na raha. Siku ilianza kwa nyimbo za Chama mbele ya bendera, na kucheza pia. Mimi kiuno cha kucheza sikujaliwa, kwa hiyo nilisimama nyuma nikipiga makofi kwa nguvu ili nionekane. Ubao ulipopauka, hakuna aliyetuletea rangi. Tulipasua betri za radio zilizokufa, tukatwanga ule weusi wa ndani pamoja na majani ya viazi, tukapaka, tukangoja ukauke. Mikono yangu ilikuwa myeusi tangu Jumamosi mpaka Jumanne, na ubao ule ulidumu kuliko wa kiwandani. Kitabu cha hesabu kilikuwa kimoja kwa darasa zima, nacho kilikaa kwenye mkoba wangu. Nilisoma kwa Kifaransa, wao wakaandika kwa Kifaransa, kisha wakaenda nyumbani kukariri kwa Kifaransa, huku mama zao wakiwaita kwa Kimashi waje kuteka maji.

Na hapo ndipo ulipozaliwa ugonjwa wa vakansi.

Mtihani wa Leta, ule wa serikali unaofunga masomo ya sekondari, ulikuwa na maswali ya kuchagua. Swali moja, majibu kadhaa, kila jibu na herufi yake, wewe unachagua herufi. Maswali hayo tuliyaita itemu. Basi mwezi wa saba ukiingia, wale wanaokwenda darasa la sita walikusanyika barazani, kwenye vyumba vya parokia, hata kwenye gereji za watu wenye magari, wakitafuta itemu za miaka iliyopita na kuzichapa kichwani. Kuchapa, ndivyo walivyosema wenyewe. Kuanzia asubuhi mpaka jua linazama ziwani, wakichapa tu.

Nilikuwa na kijana mmoja aliyeitwa Mugisho. Huyo alichapa mpaka ukimsomea nusu ya swali alikuwa ameshajibu, "C!" Wenzake walimshangilia kama mchezaji wa mpira. Siku ya kufungua shule nikamwandikia ubaoni swali lake alilolipenda, ila nikabadilisha tarakimu moja katikati. Akasimama, akavuta suruali, akasema, "C!" Nikamwambia, "Rudilia." Akasema tena C, kwa sauti kubwa zaidi. Nikamwambia afanye hesabu yenyewe. Akaniangalia kwa huruma, kama vile mimi ndiye niliyekuwa na tatizo, akasema, "Madame, ile swali iko na C tangu zamani." Darasa lilicheka mpaka prefe akaja kuchungulia.

Prefe wetu, mkuu wa shule, alikuwa mzee mtaratibu kutoka Kabare, na ndiye aliyenifundisha kufundisha. Siku ile hakukasirika. Aliniita pembeni akaniambia, "Madame, mutoto akikuambia 'nimesahau', usimugombeze. Umuulize alikuwa anajua lini." Nilitembea na neno lile wiki nzima. Nikaanza kuwauliza wanafunzi wangu kwa Kiswahili yale waliyonijibu kwa Kifaransa, na nikaona midomo ikifungwa mmoja baada ya mwingine. Mtoto aliyekuambia kanuni nzima bila kumeza mate, ukimwambia, "Sasa nielezee kwa Kiswahili, kama unamweleza koko yako," anatazama dari. Hawakuwa wajinga. Walikuwa wamebeba maneno ya Kifaransa kama mtu anayebeba gunia la mwenzake bila kujua ndani mna nini.

Sasa niwaambie habari za Nsimire, kwa sababu jibu langu lote linatoka kwake.

Nsimire alikuwa amemaliza darasa la tano. Alikariri vizuri sana, na akili alikuwa nayo, ila alikuwa hajaitumia bado. Alitaka kusomea dawa, awe mfamasia. Baba yake, Papa Bisimwa, alikuwa karani katika ofisi moja ya Ibanda, mtu wa abakosti, lile koti letu lisilo na tai, iliyopigwa pasi, anayejua barua za ofisi kwa moyo tangu "Citoyen Directeur" mpaka saini. Na huyo Papa Bisimwa alikuwa ametoa neno nyumbani kwake. Kulikuwa na ukoo mmoja wa Sange, watu wa heshima wenye ng'ombe, waliokuja kumuomba Nsimire awe mke wa kijana wao. Papa Bisimwa hakuwakataa, wala hakuwakubali. Aliwaambia wangoje radio. Enzi zile matokeo ya mtihani wa Leta yalisomwa kwenye radio, jina kwa jina. Radio ikimtaja binti, ataendelea na masomo. Isipomtaja, ataolewa, wala hatarudia mwaka. Nsimire alilijua hilo, na mimi nililijua, maana aliniambia mwenyewe akilia kwenye ngazi za shule.

Mwezi wa saba wazazi wake wakaja kwangu wote wawili, hawasemeshani. Koko ya Nsimire, mama wa mama yake, alikuwa ameanguka kwenye mfereji kule Luvungi akavunjika mkono. Alikuwa na shamba la mpunga linalokaribia kuiva, na ndege hawana huruma na mtu aliyevunjika. Mama alikuwa na mtoto mchanga, asingeweza kwenda. Alitaka Nsimire aende.

"Haendi," akasema Papa Bisimwa. "Batoto ba benzake banachapa itemu, yeye aende kufukuza ndege? Madame, umuambie huyu maman."

"Papa Nsimire, na mama yangu akufe na njaa juu ya itemu?"

Wakanigeukia. Nilijua nikikosea, binti ndiye atakayelipa. Nikasema aende Luvungi.

Papa Bisimwa akasimama. "Madame! Wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe. Lakini haendi mikono mitupu." Nikamwita Nsimire, nikampa kazi. Asichukue itemu hata moja. Kila siku achague somo moja katika yale tuliyofanya, amweleze koko yake kwa Kiswahili, mpaka koko aseme ameelewa. Pale anapokwama, aweke alama. Hapo ndipo asipopajua. Baada ya hapo tu ndipo afungue kitabu. Nami nikampa kitabu chenyewe, kile kimoja cha shule, jambo ambalo prefe alilikubali kwa kufumba jicho moja.

Mwalimu mwenzangu aliyekuwa na darasa la vakansi alicheka mpaka akashika ubavu. "Maman Rudilia anafundisha wakoko hesabu!" Habari ikazunguka Ibanda nzima. Nilipokwenda misa, watu walinisalimu kwa namna ya kumsalimu mgonjwa.

Katikati ya mwezi wa nane Papa Bisimwa akafika kwangu anatokwa jasho. Alikuwa amepita kwa jirani, akakuta watoto wanachapa itemu kwa sauti, mtoto wa jirani anajibu kabla swali halijaisha. "Madame, umeniharibia mutoto. Mi naenda kumuchukua. Na wewe tutaenda wote, umuambie kwa kinywa yako kama ulikosea."

Nikamwambia twende.

Tulipanda lori lililokuwa likipeleka chumvi uwandani. Papa Bisimwa alikaa juu ya magunia na abakosti yake, viatu amevivua akavikumbatia visiingie vumbi. Kwenye mteremko wa Ngomo, ambapo barabara inapita ukingoni mwa bonde, alisali kwa Kilatini chote alichonacho. Tulipofika chini joto likatupokea, kwa sababu uwanda wa Ruzizi si Bukavu, na abakosti haikutengenezwa kwa ajili yake. Mimi nami, niwaambie ukweli, nilikuwa naogopa. Nikimkuta binti amelala kivulini, nimekwisha.

Tuliwasikia kabla ya kuwaona. Walikuwa juu ya dungu, kile kichanja cha miti cha kuamia ndege katikati ya mpunga. Koko alikuwa na mkono umefungwa kifuani, na Nsimire alikuwa na teo la kurushia mawe mkono mmoja, na kipande cha muhogo mkavu mkono mwingine. Alikuwa anaandikia kile kipande kwenye ubao wa mlango wa zamani walioupandisha kule juu. Muhogo mkavu unaandika vizuri kushinda chaki zetu za wakati ule, na ukichoka kuandika unaweza kuula. Nikamshika Papa Bisimwa mkono, tukasimama nyuma ya migomba.

"Rudilia pale pa maji," akasema koko. "Sikusikia muzuri."

"Koko, angalia mu shamba. Maji yenye iko mule sasa, ile ni jambo moja. Mbio yenye inapandia, ile ni jambo ingine. Asubui maji ilikuwa kidogo, lakini ilikuwa inapanda mbio. Sasa iko mingi, lakini inapanda polepole. Ile mbio, ya saa ile ile yenye unaangalia, njo banaita dérivée."

"Na nikifunga mufereji?"

"Mbio inakuwa zéro. Lakini maji inabakia mu shamba."

Koko akafikiri. "Basi ungesema vile tangu juzi. Juzi ulikuwa unaongea tu bintu vya bazungu. Yoo! Ndege!"

Nsimire akarusha jiwe, kundi zima likaruka, na mimi machozi yakanitoka palepale nyuma ya mgomba. Nilikuwa nimefundisha dérivée, mwendo wa kitu kinavyobadilika, miaka na miaka. Mwanafunzi aliyeisema hivyo nilikuwa sijampata hata mmoja.

Papa Bisimwa hakulia. Alitoka migombani amekunja uso. Nsimire alipotuona alitaka kushuka, baba akamzuia kwa mkono.

"Bakia pale pale. Sema ile mambo mu français."

Binti akageukia maji. Kisha akaisema kwa Kifaransa, polepole, akitafuta maneno yake mwenyewe, akionyesha maji kwa kile kipande cha muhogo. Ilikuwa sawa mwanzo hadi mwisho.

"Aiko vile," akasema Papa Bisimwa, aliyekuwa ameyapitia madaftari ya binti. "Mu kaye iko maneno ingine."

Nikamwambia, "Papa Bisimwa, maneno ya mu kaye ni yangu. Ile ya leo ni yake."

Akanitazama, akatazama shamba. Karani ni karani, hakubali kitu bila kukikagua. Akauliza, "Na maji ikiwa inapunguka?"

"Mbio inakuwa négatif, Papa."

Alisimama pale muda mrefu kwa mtu mwenye abakosti kwenye jua. Kisha nikaona mabega yanatikisika. Alikuwa anacheka. "Kumbe ile feza yetu ya zaïre ya mu mufuko, dérivée yake iko négatif!" Hapohapo akageuka kutazama kama kuna mtu wa Chama aliyesikia. Palikuwa na ndege tu. Akavua abakosti, akapanda dungu, akamwomba koko ampe lile teo.

Alirudi nami Bukavu na mkungu wa ndizi. Binti alibaki mpaka mpunga ulipovunwa.

Sitawadanganya: Nsimire aliporudi shuleni, mwezi ule wa mwanzo wale waliochapa walimpita. Walijibu haraka, yeye alikuwa bado anafikiri. Papa Bisimwa akaanza tena kunitazama kwa jicho la upande. Lakini kufika Noeli walikuwa wameshasahau nusu ya waliyochapa, na yeye hakuwa na cha kusahau. Itemu nilimpa baada ya Pasaka, wakati wake ulipofika. Itemu ni kama chumvi, haipikwi peke yake.

Siku ya mtihani wa hesabu maswali yalikuja na sura mpya. Wengi walikaa wakitafuta rafiki yao wa mwaka jana, hawakumwona. Nsimire yeye alifumba macho, akaanza kujieleza kwa Kiswahili chini chini, mashamba na mifereji. Msimamizi, mgeni kutoka mji mwingine, akamsogelea akamgusa bega: "Citoyenne, uombe kimya kimya. Mungu anasikia." Alinisimulia hayo nikacheka mpaka nikakaa chini.

Matokeo yaliposomwa, ua wa Papa Bisimwa ulijaa. Betri za radio walikuwa wameziweka juani tangu asubuhi zipate nguvu kidogo. Mama alikuwa ameficha kopo la poda ya kuwamwagia waliofaulu ndani ya kitenge, hataki kulionyesha asije akaleta bahati mbaya. Sauti ilikuja, ikapotea, ikarudi. Jina la Mugisho lilisomwa kabla ya lake, ndiyo, mwaka ule alikuwa anarudia darasa nasi, na alikuwa ameshaacha kusema C. Kisha radio ikasema jina la Nsimire. Sikusikia asilimia zake, kwa sababu mama yake alipiga kigelegele cha kutoboa masikio na poda ikatumwagikia sote. Mimi Maman Rudilia nilikuwa mweupe tangu nywele mpaka viatu, na tangu siku ya ndoa yangu sijawahi kujiona mzuri namna ile.

Kwa hiyo, mjukuu wangu, na ninyi mtakaokuja nyuma yake, someni wakati wa vakansi. Ila lalani kwanza mpaka usingizi uwachoke. Saidieni nyumbani. Kisha chagueni somo lililowaaibisha, mlielezee kwa lugha ya nyumbani kwenu kwa mtu asiyelijua na asiyewaogopa. Mkikwama, furahini, mmepaona mahali. Hapo ndipo mfungue kitabu. Mzazi akiuliza mbona hamchapi itemu, mwambieni aje kwangu, na aje na sukari.

Jumapili iliyofuata matokeo ya radio, wale wazee wa Sange walikuja, kwa sababu neno ni neno. Papa Bisimwa aliniita nikakae upande wa akina mama. Kasiksi, pombe ya ndizi, ikamiminwa. Mzee wao mkubwa, mtu mpole, akasafisha koo.

"Papa Bisimwa, ulituambia tungoje radio. Tumengoja. Radio imesema. Sasa na wewe unasema je?"

Sote tulijua jibu lilikuwa limeshatolewa na radio. Angeweza kulisema kwa maneno mawili. Badala yake alimwita binti yake atoke jikoni.

"Mi niliuliza radio," akasema. "Ilikuwa kosa ya kumuuliza radio mambo ya mutu mwenye kuwa na kinywa. Bazee, mumuulize yeye."

Nsimire alipiga magoti kuwasalimu, akainuka. Aliwashukuru kwa kumfikiria. Akawaambia anataka kusoma dawa, na kwa nini, na itachukua muda gani, na kwamba hataki kijana wao amngoje huku moyo wake uko kwingine, maana hiyo haingekuwa heshima kwake wala kwao. Mzee akamuuliza swali. Akalijibu. Akamuuliza lingine. Akalijibu hilo nalo, kwa upole, mpaka mzee akatikisa kichwa, akaweka kibuyu chini, akacheka.

"Huyu, hata kama tungemupata, angetushinda yote mu baraza. Papa Bisimwa, nani alimufundisha kuongea vile?"

Nilijiweka sawa kwenye kiti, nikanyoosha kitenge, nikangoja jina langu.

"Nani tena?" akasema Papa Bisimwa. "Ni mutoto yangu."

Alikuwa analia wazi mbele ya wageni, mtu yule wa pasi na saini. Nikamwachia sifa hiyo.